Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Dawa ya wanetu ifike kwa tarehe yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakala: Bohari ya Dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Mpango wa Taifa wa Damu Salama, mifuko ya bima ya afya.

YAH: WATOTO NA WATU WAZIMA WALIOZALIWA NA UPUNGUFU WA KINGA YA MWILI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Iringa. Najua mezani kwako kuna malaria, kuna vifo vya akina mama wajawazito, kuna hospitali za wilaya zinazosubiri watumishi, na kila moja ya hayo lina watu wake wanaolia. Hata hivyo nimeamua kukuandikia mbele ya umma, kwa sababu ofisi nilizopita hadi sasa zilinipokea vizuri, zikanisikiliza, kisha kila moja ikanielekeza kwenye nyingine. Jambo letu limekosa mwenyewe. Naomba wewe uwe mwenyewe.

Mimi ni mama wa mvulana wa darasa la tatu ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili. Alizaliwa hivyo. Hakuambukizwa na mtu, wala hawezi kumwambukiza mtu. Ugonjwa wake unaitwa agamaglobulinemia ya Bruton, kwa jina la Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani aliyeueleza mwaka 1952. Bruton alikuwa na mgonjwa wa miaka 8 aliyekuwa akirudi wodini mara kwa mara na vijidudu kwenye damu. Alipoipima damu ya mtoto yule akakuta sehemu yenye kingamwili haipo. Akaanza kumchoma kila mwezi kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wenye afya, na maambukizi yale yakakoma.

Tiba ni ileile hadi leo, zaidi ya miaka 70 baadaye. Siku hizi inaitwa immunoglobulini. Hutengenezwa kwa plazima, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishatenganishwa na chembe zake. Plazima za maelfu ya wachangiaji huchanganywa, husafishwa, kingamwili zikatolewa humo na kutiwa chupani. Mgonjwa huwekewa kwa dripu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa sababu nusu ya kingamwili alizopewa huwa zimekwisha mwilini katika muda wa wiki 3 hivi. Ataendelea kuwekewa maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii kwenye orodha zake za dawa muhimu, ya watu wazima na ya watoto, na upungufu wa kinga wa kurithi umetajwa humo waziwazi.

Kwa hiyo sikuandikii kuomba utafiti mpya wala mashine ya ajabu. Nakuandikia kuhusu tarehe. Chupa zikifika kwa tarehe yake, mwanangu anakwenda shule, anacheza mpira, anagombana na dada yake kama watoto wote. Zikichelewa, anaanza kuharibika mapafu, na mapafu yakishaharibika hayarudi. Mambo mengine nitakayoyataja hapa yote yanafuata nyuma ya hilo.

1. Watoto hawa wanatambuliwa wakiwa wamechelewa, na wengi hawatambuliwi kabisa.

Wataalamu wa kinga wameshaorodhesha zaidi ya magonjwa 450 ya namna hii, mengine mepesi, mengine ya kuua kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kadirio linalotajwa mara nyingi kwa yote kwa pamoja ni mtu 1 katika kila watu 10,000. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Fanya hesabu, Mheshimiwa: ni zaidi ya watu 6,000. Wazazi wote ninaowafahamu nchini wenye watoto waliothibitishwa wanaenea kwenye daladala moja na viti vinabaki. Hao wengine wako wapi? Naamini wako wodini sasa hivi wakitibiwa nimonia ya nne, au walishazikwa na cheti kimeandikwa nimonia.

Mwanangu hadi miezi 6 alikuwa mnene na mchangamfu, maana alikuwa bado anatumia kingamwili alizotoka nazo tumboni mwangu. Zilipokwisha, ndipo mambo yakaanza: sikio kutoa usaha, likipona hili linaanza la pili, kisha kifua, kisha jipu, kisha kifua tena. Katika kila hospitali mpya alipimwa VVU. Majibu yalitoka hana, na kila mara niliona kwamba mtu aliyenipa karatasi hakuyaamini. Baadaye sana daktari bingwa alinieleza kwamba kipimo kile cha haraka hutafuta kingamwili, na mtoto huyu hana kingamwili za aina yoyote. Kwake kipimo sahihi ni kinachotafuta kirusi chenyewe. Alianzishwa dawa za kifua kikuu, akamaliza dozi, akarudi na kikohozi kilekile. Sina kinyongo na watumishi wale. Walikuwa wanatibu walichofundishwa kukitafuta.

Daktari aliyetutoa gizani alifanya jambo dogo sana. Alimwambia mtoto apanue mdomo, akamulika koo kwa tochi ya simu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyamaza. Akamulika tena. Kisha akaniuliza kama mtoto alishawahi kukatwa mafindofindo. Hajawahi. Basi hayakuwepo. Watoto wenye ugonjwa wa Bruton huwa hawana mafindofindo yanayoonekana, au yapo madogo mno, kwa sababu chembe zinazoyajaza ndizo walizozikosa. Mtoto wa miaka minne mwenye nimonia mara kwa mara na koo tupu: hicho ndicho kilichotosha kumfanya daktari yule aandike kipimo cha immunoglobulini, yaani cha kingamwili zilizomo kwenye damu. Damu ilisafirishwa mbali, majibu yakachukua muda, lakini yalipokuja hayakuwa na mjadala.

Ninachoomba hapa ni hiki. Mwongozo wanaotumia matabibu wetu kwa watoto wa chini ya miaka 5 uongezwe ukurasa mmoja: nimonia mbili ndani ya mwaka, maambukizi ya sikio manne au zaidi ndani ya mwaka, majipu ya ndani yanayojirudia, utando mweupe mdomoni usiokwisha baada ya mwaka wa kwanza, mtoto asiyeongezeka uzito, na historia ya watoto wadogo kufa katika ukoo. Akipatikana mwenye mambo hayo, apimwe VVU kwa njia sahihi, na ikionekana hana, safari isiishie hapo. Kipimo cha immunoglobulini kipatikane angalau katika hospitali za rufaa za mikoa. Na kwa mtoto mchanga anayeugua sana, karatasi ya picha kamili ya damu (FBP) ambayo maabara zetu zinaitoa kila siku isomwe hadi mstari wa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Zikiwa chache mno kwa umri wake, hiyo ni kengele ya hatari, na gharama yake ni kusoma tu.

2. Dawa haipatikani kwa uhakika.

Hapa, Mheshimiwa, ndipo ninapokuomba ukae nami kidogo.

Mwanangu ana kilo 25. Kiwango cha kawaida ni gramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo anahitaji gramu 10 hadi 15 kila mwezi, yaani chupa 2 au 3 za gramu 5. Ni hesabu anayoweza kuifanya mtoto wa darasa lake. Kwa mwaka mzima inajulikana tangu Januari, na haitegemei mvua wala mlipuko wa ugonjwa. Mgonjwa ni yuleyule, uzito unajulikana, tarehe inajulikana. Sijui kama mna wagonjwa wengi ambao mahitaji yao yanatabirika kuliko haya.

Hata hivyo mara kadhaa nimefika kwenye dirisha la dawa na kuambiwa haipo, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, nikaambiwa imekuja lakini imekwenda kwa wagonjwa waliokuwa mahututi, jambo ambalo mama yeyote hawezi kulipinga. Mara nyingine ilikuwepo chupa moja. Basi anapewa nusu dozi, na nusu dozi kwa watoto hawa ni kuahirisha ugonjwa kwa siku chache. Nimeshajifunza mpangilio wake: kwanza pua, halafu anaamka usiku kwa kikohozi, halafu sikio, halafu homa, na hapo sasa inakuwa ni kulazwa, antibayotiki za mshipa, na kitanda ambacho angekipata mtoto mwingine. Picha ya mapafu yake imeshaonyesha sehemu ambazo mirija ya hewa imetanuka na kulegea. Daktari ananiambia hiyo haitarudi ilivyokuwa. Kilichobaki ni kulinda iliyo nzima.

Wenye uwezo wananunua kwenye maduka ya dawa ya Dar es Salaam. Mimi si mwenye uwezo, lakini mara nyingine ndugu wamechanga nikanunua. Dawa yetu inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo nasafiri nayo kwenye basi, kutoka Dar hadi Iringa, imo ndani ya kontena la plastiki la kuhifadhia baridi nililolipakata mapajani. Vipande vya barafu vimezungushwa khanga ili visiguse chupa, maana ikiganda imeharibika, na ikitikiswa sana inatoa povu. Tukifika Ruaha Mbuyuni, joto likiwa limepanda, abiria wanashuka kula, mimi natafuta wa kuniuzia barafu. Kila nikifungua kontena kutazama naogopa kwamba kufungua kwenyewe ndiko kunakoiharibu. Dawa iliyochangiwa na maelfu ya watu wasionifahamu, ikapimwa na kusafirishwa kutoka ng'ambo ndani ya ubaridi usiokatika, inamalizia safari yake mapajani mwangu.

Nchi hii inajua kufanya jambo hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure, na leo zinafika hadi vituo vya afya vijijini. Mgonjwa ana kadi, ana tarehe, ana mhudumu anayempigia simu akikosa kuja. Hilo lilijengwa na Watanzania, na limeokoa jirani zangu na ndugu zangu. Naomba wanetu, ambao ni wachache sana kulinganisha na hao, wapewe kadi ya namna hiyo na tarehe ya namna hiyo.

Kwa vitendo: kila hospitali inayomhudumia mgonjwa wa aina hii ipeleke Wizarani uzito wake na dozi yake. Zijumlishwe. Bohari ya Dawa iagize kiasi hicho kwa jina lake kila mwaka, pamoja na akiba ya miezi 3. Chupa zipelekwe hospitali za kanda na za rufaa zilizo karibu na wagonjwa, kwa gari lenye ubaridi. Na dawa ikielekea kupungua, mzazi aambiwe mapema, kabla hajakata tiketi.

3. Bima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na tuliipokea kwa furaha. Ombi langu ni fupi. Mtu aliyezaliwa bila kingamwili hatazipata mwezi ujao. Kumtaka aombe kibali upya kila dozi, kwa fomu mpya na sahihi mpya ya bingwa, ni kumchelewesha bila faida kwa mtu yeyote. Kibali kiwe cha mwaka mzima. Na kijana anapofikia umri wa kutoka kwenye kadi ya mzazi, asikute mlango umefungwa eti ugonjwa wake ni wa zamani. Najua binti mwenye upungufu wa kinga aliyemaliza chuo na kupata kazi, akaiacha, kwa sababu kila mwezi ilibidi aeleze upya kwa nini anaomba siku moja. Watu hawa wanakua, Mheshimiwa. Wanahitaji ajira zinazoiheshimu siku ile moja ya dripu.

4. Chanjo.

Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: mimi ni mtetezi wa chanjo. Mwanangu anategemea watoto wa jirani kuchanjwa kuliko mtoto yeyote mtaani kwetu, kwa kuwa yeye mwenyewe akichanjwa mwili wake hauwezi kujibu. Lakini zipo chanjo chache zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, ambazo kwa watoto wenye kinga ni salama na kwa hawa zinaweza kuwa hatari. Matone ya polio ni mfano. Kwenye tumbo la mtoto asiye na kingamwili, kirusi kile kinaweza kukaa muda mrefu, kikabadilika na hata kumpoozesha. Kwake inafaa chanjo ya sindano, ambayo haina kirusi hai, na ndugu zake wa nyumba moja nao inafaa wapewe hiyo ya sindano.

Mwaka 2022, baada ya polio kugundulika Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba. Walifanya kazi njema. Walipofika kwangu nikawaeleza kwamba mtoto huyu ana tatizo la kinga, daktari amekataza matone. Hawakuwa na sehemu ya kuandika hilo. Fomu yao ilikuwa na waliochanjwa na waliokataa, nami nikaandikwa kwa waliokataa, mlango ukachorwa chaki, na kesho yake akaja mwenyekiti wa mtaa kunielimisha faida za chanjo mbele ya majirani. Ilinibidi nitoe karatasi za hospitali barazani, nisomewe ugonjwa wa mwanangu kwa sauti.

Wape wachanjaji kisanduku kimoja zaidi kwenye fomu, na utupe sisi kadi rasmi ya Wizara, ya Kiswahili, inayosema mtoto huyu asipewe chanjo gani na apewe ipi. Itamfaa pia akipata ajali akapelekwa hospitali wasikomfahamu.

5. Watoto waliozaliwa bila kinga kabisa.

Kuna kundi ambalo hali yao ni mbaya kuliko ya mwanangu: wanaokosa hata zile chembe nyeupe zinazoongoza kinga yote. Mmoja wao, David Vetter, alizaliwa Texas mwaka 1971 na akaishi ndani ya hema la plastiki lisiloingia vijidudu hadi mwaka 1984 alipofariki. Leo mtoto wa namna hiyo akitambuliwa mapema anaweza kupona kwa kupandikizwa uloto, na upandikizaji wa kwanza wa aina hiyo ulifanikiwa Marekani mwaka 1968. Kwetu mtoto kama huyo hupewa BCG siku za mwanzo za maisha yake, na kwake chanjo hiyo ya kifua kikuu inaweza kusambaa mwili mzima.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo hapo Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Niliposikia habari ile nililia kwa furaha kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Naomba milango ileile ifunguliwe kwa watoto waliozaliwa bila kinga. Na naomba swali moja liingizwe kabla ya BCG, kwa kila mama: je, katika familia yenu kuna watoto wachanga waliokufa kwa maambukizi? Akisema wapo, sindano isubiri vipimo.

6. Tiba inaweza kuhamia nyumbani.

Siku ya dripu mwanangu anatoka nyumbani alfajiri. Muuguzi anahangaika kupata mshipa, maana mishipa yake imeshachoka. Dawa inaanza taratibu sana, kisha inaongezwa kidogo kidogo huku wakimwangalia kama anatetemeka au kichwa kinauma. Inachukua saa nyingi, na siku ya shule imekwenda. Ongeza siku za kulazwa dawa inapokosekana, na utaelewa kwa nini mwalimu mmoja aliwahi kumwandika mtoro.

Kuna aina ya immunoglobulini inayochomwa chini ya ngozi, tumboni au pajani, kila wiki, kwa pampu ndogo au hata kwa bomba la sindano linalosukumwa polepole kwa mkono. Haihitaji mshipa. Mzazi anafundishwa, anajaribu mbele ya muuguzi hadi aaminike, kisha anafanya nyumbani jioni huku mtoto akifanya kazi za shule. Katika nchi nyingi hii ni tiba ya kawaida, na Bruton mwenyewe alichoma chini ya ngozi. Naomba aina hii isajiliwe na iagizwe, ianze na familia chache zilizo mbali na hospitali kubwa na zenye jokofu la uhakika. Mama wa Ludewa au Mbinga asilazimike kupanda basi kila mwezi ili mwanawe apate kitu ambacho angeweza kumpa mwenyewe.

7. Akina mama wanabebeshwa lawama.

Wizara huenda ikaona hili si la kwake. Ni la kwake.

Ugonjwa wa Bruton hupita kwa mama na huwapata wavulana. Mama mwenye hitilafu kwenye jeni haugui, kwa kuwa nakala yake ya pili ya jeni hiyo inamkinga, lakini kila mvulana atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwa hiyo katika koo zetu hutokea mwanamke anafiwa na mtoto wa kiume, wa pili naye anafuata, na ukiuliza vizuri unaambiwa kaka zake mwanamke huyo nao walikufa wadogo. Kwetu ilikuwa hivyo. Nilikuwa na kaka wawili ambao nawajua kwa kusimuliwa tu. Unadhani ukoo wa mume unasema nini ukiona mfuatano huo? Wanasema anakula wanawe. Nawajua wanawake waliorudishwa kwao kwa neno hilo. Mmoja alipelekwa kwa mganga akachanjwa chale kifuani yeye na mtoto, na chale za mtoto zikaoza.

Na mtaani, mtoto akisemwa ana upungufu wa kinga, watu wanasikia UKIMWI, na watoto wenzake wanakatazwa kula naye. Sitaki mwanangu asafishwe kwa kuwachafua wenye VVU. Hakuna mtoto anayestahili kunyimwa mwenza wa kula, awe na kirusi au asiwe nacho. Ninachotaka ni watu waujue ugonjwa wake ulivyo.

Kila mama anayethibitishiwa ugonjwa huu kwa mwanawe aketishwe pamoja na baba yake mtoto, na ikibidi mama mkwe, waelezwe na mtaalamu kwa Kiswahili chepesi jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Maneno ya daktari mwenye koti jeupe kwamba hakuna mtu aliyeroga, yakisemwa mbele ya wakwe, yanaweza kuokoa ndoa. Dada za mama wapimwe, ili wajue kabla ya kuzaa. Na zile familia ambamo binamu huoana, kama ilivyo desturi katika baadhi ya koo za Pwani na Visiwani, zielezwe kwa heshima kwamba kuna aina nyingine za upungufu wa kinga zinazotokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba hitilafu ileile. Waelezwe bila kukaripiwa, maana wakikaripiwa hawatarudi kliniki.

8. Damu yetu wenyewe.

Karibu theluthi mbili ya plazima inayotengenezewa dawa duniani hutoka Marekani. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilipopunguza wachangiaji kule, dawa ilipungua hata katika nchi tajiri, na nchi zinazonunua kidogo ndizo zinazokaa mwisho wa foleni. Afrika Kusini haikai foleni hiyo bila kitu mkononi: pale Pinetown, karibu na Durban, kuna taasisi isiyo ya faida, National Bioproducts Institute, inayochukua plazima ya wachangiaji wa nchi ile na kutengeneza immunoglobulini humohumo Afrika.

Sisi kila mwaka tunahamasisha wanafunzi, askari, waumini misikitini na makanisani wachangie damu. Mpango wa Damu Salama ukae na wenzake wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, waulizane: plazima tunayobaki nayo inafikia ubora unaotakiwa? Kama haifikii, kinakosekana nini, na itachukua miaka mingapi? Sisemi tujenge kiwanda kesho. Nchi zinaweza kupeleka plazima yao ikatengenezwe kwa mkataba na kurudishiwa dawa. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama zichukue hatua za kujitosheleza kwa damu na mazao yake, na Mei 2025 mkutano huohuo ukapitisha azimio kuhusu magonjwa adimu. Tanzania ni mwanachama. Ni haki yangu kuuliza maazimio hayo yamefika wapi.

Mheshimiwa Waziri,

Mengine niliyoyaandika yanahitaji muda, na nitasubiri. La pili, la dawa kupatikana kwa uhakika, silisubiri, kwa sababu mapafu ya mwanangu hayasubiri. Hotuba ya bajeti ya Wizara yako husomwa bungeni kila mwaka kabla ya Julai. Naomba katika hotuba ijayo immunoglobulini itajwe kwa jina, kwa gramu zitakazonunuliwa kwa mwaka, na kwa majina ya hospitali zitakazoipokea. Kwa kuanzia, teua ofisa mmoja Wizarani ambaye simu ya mzazi itaishia kwake. Wazazi tunaofahamiana tuko tayari kuja Dodoma kwa nauli zetu, kila mmoja na karatasi ya uzito wa mwanawe, dozi yake na tarehe yake, ili hesabu ya nchi nzima ianzie hapo. Tupangie siku.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu,
Iringa.